Sura ya Saba: Ndege Iko Wapi Sasa?

Wengi hupata habari kwamba ndege imechelewa wakiwa wameshafika uwanjani. Swali linalofuata ni lile lile, iwe Nairobi, Dar es Salaam au Kigali: tungejuaje mapema?

Anayeuliza kutoka Bugeshi ana sababu ya kuuliza kwa uchungu zaidi. Bugeshi ni tarafa ya wilaya ya Rubavu, kaskazini-magharibi mwa Rwanda, mpakani na Kongo, chini ya milima ya volkeno. Ardhi yake nyeusi hustawisha viazi, lakini haina uwanja wa ndege. Kiwanja kidogo cha Gisenyi hakina safari za abiria zenye ratiba. Kwa hiyo anayekwenda kumpokea ndugu yake hupanda pikipiki hadi barabara kuu, kisha basi kupitia Musanze hadi kituo cha Nyabugogo mjini Kigali, kisha gari jingine hadi uwanja wa Kanombe. Ukijumlisha na kusubiri njiani, ni saa nne au tano. Ndege ikichelewa sana, yeye na watoto aliowaleta wanalala kwenye viti, au wanalipia chumba ambacho hawakukipangia bajeti.

Ndege haichelewi ghafla. Mara nyingi kuchelewa kwake kulianza saa nyingi kabla, katika mji mwingine, na mtu yeyote mwenye simu na intaneti anaweza kukuona kukianza. Inabidi tu ajue mahali pa kutazama.

## Saa iliyo kwenye tiketi ni saa ya nini?

Tuanze na tiketi yenyewe. Saa ya kuondoka inayoandikwa pale si saa ya ndege kupaa. Ni saa ambayo ndege inatakiwa kuachia breki na kuanza kutoka mahali ilipoegeshwa. Vivyo hivyo, saa ya kufika si saa ya magurudumu kugusa ardhi, bali saa ya ndege kusimama kwenye maegesho yake. Kati ya hapo kuna mwendo wa chini, kungoja zamu ya kutumia njia ya kurukia, na wakati mwingine ndege kuzunguka angani ikisubiri mnara wa kuongozea ndege uiruhusu kutua.

Kwa hiyo kila safari ina nyakati nne: kutoka maegeshoni, kupaa, kutua, na kuingia maegeshoni. Tangu mwaka 1978 kumekuwa na mfumo uitwao ACARS, unaotuma ujumbe mfupi kutoka kwenye ndege hadi ofisi za shirika. Moja ya kazi zake za kwanza ilikuwa kuripoti nyakati hizo nne bila rubani kushika redio. Maana yake ni kwamba shirika likitaka linajua papo hapo ndege yake iko katika hatua gani. Abiria anapoambiwa “subirini taarifa zaidi”, taarifa mara nyingi ipo; kilichokosekana ni uamuzi wa kuitoa.

Kuna kipimo pia cha neno “kuchelewa”. Katika sekta ya usafiri wa anga, ndege iliyozidisha chini ya dakika 15 huhesabiwa kuwa imewahi. Marekani imeyataka mashirika yake makubwa kuripoti takwimu za kuchelewa tangu mwaka 1987, na kuanzia 2003 yanalazimika kutaja na chanzo. Msafiri wa kule anaweza kufungua orodha na kuona safari fulani ilichelewa mara ngapi mwezi uliopita kabla ya kuilipia. Ningependa kuona mamlaka zote za usafiri wa anga za Afrika Mashariki zikichapisha orodha ya namna hiyo, kila mwezi, kwa lugha ambayo mkulima wa Bugeshi anaisoma. Yeye analipa tiketi kwa fedha aliyoichuma kwa miezi mingi, naye anastahili kujua ananunua nini.

Kwa ufupi: ukitazama ubao au simu, kwanza jiulize saa unayoiona ni ya hatua ipi kati ya zile nne. Ndege ikitua saa mbili kamili usiku, bado inaweza kuwachukua abiria wake saa nzima kabla ya kutokea mlangoni na mizigo.

## Fuata ndege yenyewe

Mashirika ya ndege hutumia namba maalumu kuandika sababu za kuchelewa, na namba hizo zinafanana dunia nzima. Namba 41 ni hitilafu ya ndege. Namba 71 ni hali mbaya ya hewa kwenye uwanja wa kuondokea. Ile ambayo msafiri angefaidika zaidi kuijua ni 93: ndege imechelewa kwa sababu ilichelewa kufika kutoka safari yake iliyotangulia.

Basi linalotoka Rubavu asubuhi likiharibika Musanze, abiria wa alasiri wanaolisubiri Nyabugogo ili liwarudishe Rubavu nao wamechelewa tayari, ijapokuwa pale Nyabugogo jua linawaka na hakuna tatizo lolote. Ndege ni hivyo hivyo, ila inazunguka nchi tano badala ya wilaya tano. Ndege moja ndogo inaweza kufanya safari nne au tano kwa siku. Ikipoteza dakika 50 katika safari ya kwanza, kila kituo kinachofuata kinairithi hasara hiyo, kwa sababu muda wa kushusha watu, kusafisha, kujaza mafuta na kupakia tena hauna nafasi kubwa ya kubanwa.

Shirika lenye ndege mia tatu huwa na ya akiba. Mashirika ya kwetu hayana anasa hiyo. RwandAir ina ndege chache tu kubwa za aina ya Airbus A330 kwa safari zake za mbali. Moja ikiingia karakana bila kutarajiwa, safari za Ulaya zinayumba. Novemba 2022 Air Tanzania ilitangaza kubadili ratiba zake kwa sababu ya matatizo ya injini za ndege zake za Airbus A220, injini ambazo ziliyasumbua mashirika mengine duniani pia. Abiria wa Mwanza hakuwa amekosea lolote, wala rubani wake. Kosa lilikuwa ndani ya injini iliyotengenezwa ng'ambo, na hapakuwa na ndege ya akiba.

Kwa miaka mingi KLM na Brussels Airlines ziliunganisha Kigali na Entebbe katika mzunguko mmoja: ndege inatoka Ulaya, inagusa mji mmoja, inagusa wa pili, inarudi. Katika mzunguko kama huo, mvua kubwa ya Entebbe inaweza kumchelewesha abiria wa Kigali, na tatizo la Kigali likamchelewesha wa Entebbe. Anayetazama hali ya hewa ya Kigali peke yake haelewi kwa nini anasubiri.

Tuseme mama mmoja wa Bugeshi anamtarajia mwanawe kutoka Brussels, mwezi wa Januari, kwa ndege isiyopita mji mwingine. Tiketi inasema ndege inaondoka Brussels saa 10:40 asubuhi na kufika Kigali 19:55. Wakati huo wa mwaka Brussels iko nyuma ya Kigali kwa saa moja, kwa hiyo ndege inaondoka kwa saa ya Bugeshi 11:40, yaani saa sita kasoro dakika ishirini mchana. Mama anatakiwa kuondoka nyumbani kama saa nane. Afanye nini asubuhi hiyo?

Kabla ya saa tano, kijana wa nyumbani afungue programu ya kufuatilia ndege, aandike namba ya safari, na atafute usajili wa ndege iliyopangiwa safari hiyo. Usajili ni jina rasmi la ndege, kama namba ya gari. Za Rwanda huanza na 9XR, za Tanzania 5H, za Kenya 5Y, za Uganda 5X, za Burundi 9U, za Ubelgiji OO. Akiugusa usajili huo, ataona ndege hiyo ilikuwa wapi usiku uliopita. Baadhi ya programu zina kitufe kabisa cha kuuliza ndege iko wapi sasa. Ikiwa imeshalala Brussels, vizuri. Ikiwa bado iko juu ya Sahara ikielekea Brussels, mama asifunge mzigo bado.

Kisha asubiri habari moja tu: imepaa. Kwa anayekwenda kupokea, hakuna habari kubwa kuliko hiyo. Safari ya saa nane angani hubadilika kidogo sana. Upepo unaweza kuongeza au kupunguza dakika chache. Ndege ikipaa saa sita na nusu mchana kwa saa za Rwanda, mama anajua itatua yapata saa mbili na nusu usiku, na amejua hayo akiwa bado shambani.

“Mama, wametuingiza kwenye ndege,” mtoto akipiga simu, hiyo haitoshi. Abiria wanaweza kukaa ndani ya ndege saa nzima ikiwa haijatikisika.

Kwa anayeondoka Kigali, mambo ni kinyume, na hapa naomba msomaji anisikilize sana. Ukiona ndege inayokuja kukuchukua imechelewa saa tatu, usichelewe nawe saa tatu. Kaunta ya kukagua tiketi na mizigo inaweza kufungwa kwa saa ya awali, na shirika linaweza kuleta ndege nyingine wakati wowote. Simu yako ikusaidie kujiandaa: ubebe chakula cha mtoto, umwarifu atakayekupokea, uulize mapema kuhusu ndege ya kuunganisha. Isikufanye ukakosa safari.

## Ile picha ya ndege kwenye ramani inatoka wapi?

Watu wengi hudhani ramani za ndege kwenye simu huchorwa na setilaiti inayotazama chini. Kwa sehemu kubwa si hivyo. Ndege yenyewe ndiyo inayojitangaza. Ina kifaa kinachopokea mahali ilipo kutoka setilaiti za GPS, kisha kinarusha hewani, karibu mara mbili kila sekunde, namba yake ya utambulisho, mahali ilipo, kimo na mwendo. Mfumo huo huitwa ADS-B. Haujafichwa: mtu yeyote mwenye antena inayofaa kwenye masafa ya megahezi 1090 anaweza kuusikia.

Hapo ndipo mitandao ya ufuatiliaji ilipozaliwa. FlightAware ilianza Houston, Marekani, mwaka 2005, na Flightradar24 ikaanza Sweden mwaka uliofuata. Nguvu yao ni maelfu ya watu wa kawaida waliofunga antena ndogo juu ya paa, iliyounganishwa na kompyuta ndogo na intaneti. Antena moja huweza kusikia ndege iliyo juu sana hata kilomita 300 au 400 kutoka ilipo. Lakini mawimbi hayo hayapiti ndani ya mlima. Antena iliyofungwa Bugeshi ingezisikia ndege za juu kutoka mbali, ila ndege inayoruka chini nyuma ya Karisimbi, wenye mita 4,507, isingesikika kabisa.

Ulaya imejaa antena. Juu ya Sahara, Sudan Kusini na misitu ya Kongo ni chache mno. Tangu 2019 kuna setilaiti zinazosikia mawimbi hayo kutoka angani, lakini huduma hiyo hununuliwa hasa na mashirika na waongozaji ndege, na si kila programu ya bure inayoonyesha habari zake. Kwa hiyo ndege ya kutoka Brussels inaweza kupotea kwenye simu yako ikiwa juu ya jangwa na kuibuka tena karibu na Uganda. Usishtuke. Programu nyingine huendelea kuisogeza ile picha ya ndege kwa kukisia, nayo hiyo si habari bali ni hesabu. Tafuta alama inayosema ni makadirio.

Kwa watu wa Rubavu kuna jambo jingine. Mwaka 2024 Umoja wa Mataifa ulilalamikia kuvurugwa kwa mawimbi ya GPS katika Kivu Kaskazini, ng'ambo tu ya mpaka. Kwa kuwa ADS-B hutangaza mahali ambapo ndege *inaamini* ipo kwa mujibu wa GPS, GPS ikidanganywa ramani nayo inadanganya. Ukiona ndege karibu na Goma ikiruka ghafla kutoka mahali hadi mahali kwenye simu, au ikitoweka na kuibukia pasipowezekana, kinachovurugika huenda ni mawimbi. Marubani wana vifaa vingine vya kuwaongoza. Wewe uliye na simu tu huna.

## Saa tatu tofauti katika safari moja

Watu hukosa ndege kwa sababu ya jambo hili kuliko wanavyokiri, kwa hiyo nitalieleza taratibu.

Tiketi huandika saa ya mji husika. Kigali na Goma ziko saa mbili mbele ya saa ya dunia, ile inayoandikwa UTC. Nairobi, Entebbe na Dar es Salaam ziko saa tatu mbele. Ndiyo maana ndege ya Kigali kwenda Nairobi huonekana kwenye tiketi kama inachukua saa mbili na nusu wakati angani ni kama saa moja na nusu tu, na kurudi huonekana kama nusu saa. Brussels na Paris hubadilisha saa mara mbili kwa mwaka, Jumapili ya mwisho ya Machi na ya mwisho ya Oktoba. Kiangazi saa yao ni sawa na ya Kigali. Majira ya baridi wako nyuma kwa saa moja.

Baadhi ya programu za ufuatiliaji huandika UTC isipokuwa uzibadilishe kwenye mipangilio. Ongeza mbili kupata saa ya Rwanda. Ukiona 17:25 UTC, ni 19:25 Kigali.

Halafu kuna hesabu yetu wenyewe, ya Kiswahili na ya Kinyarwanda, inayoanza mapambazuko: 19:25 ni saa moja na dakika ishirini na tano usiku. Kijana aliyezoea simu anasema “saa kumi na tisa”, bibi anasikia kitu kisichokuwepo. Au kijana anasema “saa saba”, akimaanisha 7 ya simu, na familia inafika uwanjani saa saba mchana au saa saba usiku. Mkiwasiliana kuhusu ndege, taja saa kwa namna mbili, na utaje asubuhi au usiku. Andika hivyo hata kwenye ujumbe mfupi.

## Safari inapofutwa kabisa

Kuchelewa kuna hesabu, na tumeona unavyoweza kuikadiria. Kufutwa kwa safari ni jambo jingine, na watu wa Bugeshi wamekaa mbele ya mfano wake mkubwa kuliko wote katika ukanda huu.

Uwanja mkubwa wa ndege ulio karibu nao zaidi si Kanombe. Ni Goma, ng'ambo ya mpaka, chini ya mlima Nyiragongo. Tarehe 17 Januari 2002 Nyiragongo ulipasuka ubavuni, na lava, yaani mwamba ulioyeyuka, ikashuka hadi katikati ya mji. Njiani ilifunika sehemu ya kaskazini ya njia ya kurukia ndege. Njia iliyokuwa na urefu wa takriban kilomita tatu ikabaki na chini ya mbili. Kwa miaka iliyofuata ndege kubwa zilizobeba mzigo kamili hazikuweza kuutumia uwanja huo. Safari hizo hazikufutwa siku moja. Zilifutwa kwa miaka.

Kufupika huko kulikuwa na gharama nyingine. Tarehe 15 Aprili 2008 ndege ya DC-9 ya shirika la Hewa Bora ilishindwa kupaa kutoka Goma, ikapita mwisho wa njia na kuingia mtaa wa Birere wenye watu wengi. Watu wapatao 40 walikufa, wengi wao wakiwa hawamo ndani ya ndege. Nalitaja kwa sababu abiria aliyechoka kusubiri huwa na hasira na rubani aliyekataa kuruka au na uwanja uliofungwa. Njia fupi, iliyolowa, haisamehe. Rubani anayesema “hapana” amefanya kazi aliyoajiriwa kuifanya.

Jioni ya tarehe 22 Mei 2021 mlima ulipasuka tena. Safari hii lava iliishia pembezoni mwa mji, karibu na uwanja, lakini ndege zilisimama, na matetemeko yaliyofuata yalipasua nyumba Goma na Gisenyi pia.

Nyiragongo hutisha zaidi kwa lava yake nyepesi inayotembea kasi. Volkeno nyingine hutisha kwa majivu, na majivu hufunga anga kubwa kuliko lava. Si majivu kama ya kuni. Ni chembe za mwamba na kioo. Zikiingia ndani ya injini ya ndege zinayeyuka kwa joto, kisha zinaganda kwenye sehemu zinazozunguka na kuizima. Tarehe 24 Juni 1982 ndege ya British Airways iliyopita ndani ya majivu ya mlima Galunggung, Indonesia, ilizimika injini zote nne usiku. Ilishuka kama inayoteleza hadi ilipotoka kwenye wingu, injini zikawaka, ikatua Jakarta salama. Tangu hapo hakuna anayebahatisha. Aprili 2010 mlima wa Eyjafjallajökull nchini Iceland ulipolipuka, karibu safari 100,000 zilifutwa na abiria kama milioni 10 wakakwama. Kenya haikuwa na majivu hata kidogo, lakini maua yaliyokatwa Naivasha kwa ajili ya soko la Ulaya yaliozea ghalani, na wafanyakazi wakarudishwa nyumbani bila kazi. Tangazo la majivu kwa anga la Afrika hutolewa na kituo kilichoko Toulouse, Ufaransa, kimojawapo kati ya tisa duniani.

Mlima si sababu pekee. Mei 2022 serikali ya Kongo iliizuia RwandAir kuruka Goma, Lubumbashi na Kinshasa. Mwishoni mwa Januari 2025 wapiganaji wa M23 waliingia Goma na safari za kawaida za abiria zikasimama. Februari mwaka huo huo Kongo ilizifungia anga lake ndege zilizosajiliwa Rwanda. Ukitazama ramani ya dunia utaona maana yake: Libreville, Lagos na Accra ziko magharibi ya Kigali, na Kongo iko katikati. Ndege isiyoweza kupita juu ya Kongo inazunguka, inatumia mafuta zaidi, inarudi imechelewa, na ucheleweshaji huo unaingia kwenye safari inayofuata. Fuatilia mstari wa njia kwenye simu na utauona mkunjo huo kwa macho yako.

Halafu kuna sababu za mbali ambazo Kigali haina uwezo nazo. Tarehe 31 Machi na 14 Oktoba 2025 migomo ya kitaifa Ubelgiji iliufanya uwanja wa Brussels ufute safari zote za abiria za kuondoka. Septemba mwaka huo shambulio la mtandaoni kwenye mfumo wa kukagua abiria lilivuruga Brussels, Heathrow na Berlin. Nairobi, moto wa tarehe 7 Agosti 2013 uliteketeza jengo la wageni wanaowasili uwanja wa Jomo Kenyatta, na mgomo wa marubani wa Kenya Airways Novemba 2022 ulikwamisha maelfu. Migomo kwa kawaida hutangazwa siku kadhaa kabla. Kwa hiyo wiki moja kabla ya safari, tafuta habari za mji ambao ndege itatokea. Hilo halikugharimu kitu.

Kwa ufupi, kabla ya kuondoka Bugeshi:

- Wiki moja kabla: je, kuna mgomo uliotangazwa katika mji wa kuondokea?
- Usiku uliotangulia: ndege yenye usajili ule iko wapi?
- Saa ya kuondoka: imetoka maegeshoni tu, au imepaa?
- Ukiwa Musanze: tazama tena mara moja. Ikielekezwa uwanja mwingine, utajua hapo, ukiwa bado unaweza kugeuza.

## Nani analipa?

Mwenye tiketi anayo haki zaidi kuliko anavyoambiwa kaunta, lakini haki hizo hutegemea ndege imetoka wapi na ni ya nani.

Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999, ambao Rwanda, Kenya na Tanzania ni wanachama, unalibebesha shirika hasara iliyosababishwa na kuchelewa katika safari za kimataifa, isipokuwa lithibitishe kwamba lilichukua hatua zote zinazofaa kuiepuka. Chini ya mkataba huu unadai hasara halisi: chumba ulicholipa, chakula, tiketi ya basi iliyopotea. Bila risiti huna dai. Mwombe mwenye nyumba ya wageni risiti hata kama si desturi yake.

Sheria ya Umoja wa Ulaya namba 261 ya mwaka 2004 ni kali zaidi na huweka kiasi maalumu. Kwa safari inayozidi kilomita 3,500, kama ile ya Brussels na Kigali, abiria aliyefika amechelewa saa tatu au zaidi anaweza kudai hadi euro 600, ikiwa kosa liko ndani ya uwezo wa shirika. Hapa ndipo wengi hupoteza haki zao kwa kutojua. Ukitoka Brussels kuja Kigali, sheria inakulinda hata kama ndege ni ya RwandAir, kwa sababu umeondokea Ulaya. Ukitoka Kigali kwenda Brussels, inakulinda tu ikiwa ndege ni ya shirika la Ulaya, mfano Brussels Airlines au KLM. Njia ni ile ile, lakini haki ni tofauti.

Majivu ya volkeno, vita, dhoruba na mgomo wa waongozaji ndege huhesabiwa kuwa nje ya uwezo wa shirika, na fidia ile hailipwi. Hata hivyo chakula na malazi bado ni wajibu wao. Mgomo wa wafanyakazi wa shirika lenyewe, mahakama ya Ulaya imeamua, si kisingizio. Hitilafu ya kawaida ya ndege nayo si kisingizio. Hiyo ni sehemu ya kazi yao.

Na saa ya kufika inahesabiwaje? Mwaka 2014 mahakama hiyo hiyo iliamua kwamba ndege imefika pale mlango mmojawapo unapofunguliwa na abiria wanaruhusiwa kutoka. Kugusa ardhi hakuhesabiki. Tofauti hiyo ya dakika kumi au kumi na tano inaweza kumvusha mtu kutoka saa mbili na dakika hamsini hadi saa tatu, na kutoka sifuri hadi euro 600. Kwa hiyo mlango ukifunguka, kabla hujasimama kushusha begi, piga picha ya simu yako ikionyesha saa, na usiku huo huo hifadhi ukurasa wa ufuatiliaji wenye nyakati nne za safari yako.